Des Moines: Pipi hazitolewi bila kichekesho

Kwa watoto wa Marekani, Halloween ni jioni ya kuvaa kama mizimu au maharamia na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi. Taa ya kibarazani ikiwaka, bisha hodi. Ikiwa imezimwa, pita.

Mjini Des Moines, jimbo la Iowa, kunyoosha mfuko hakutoshi. Mtoto hutoa kichekesho kwanza. Desturi hiyo ilianza 1938, wakuu wa mji walipochoshwa na vijana waliovunja madirisha na kuwasha moto usiku wa Halloween. Wadogo wakatengewa Oktoba 30, Usiku wa Waombaji, wazichumie pipi zao. Vichekesho vingi ni vya mifupa na maboga, na vingi havichekeshi. Familia za Waswahili kutoka Kongo na Burundi zilizohamia huko hazihitaji kufafanuliwa sana: ni kama kutega kitendawili, ila mwenye nyumba akishindwa hatoi mji, anatoa chokoleti.

Kwingineko Marekani, wazazi wengi huwapeleka watoto kwenye maegesho ya kanisa au shule, ambako magari hupangwa mstari na pipi kugawiwa kutoka kwenye buti. Baadhi wanaikimbia milango ya watu wasiowajua, wakihofia pipi zenye sumu. Mwanasosholojia Joel Best amezifuatilia taarifa hizo kwa miongo kadhaa, na hajapata mtoto aliyeuawa kwa sumu na mtu asiyemjua kwa njia hiyo. Katika kisa maarufu cha Texas, mwaka 1974, aliyeweka sumu alikuwa baba mzazi.

Hatari iko barabarani. Utafiti katika jarida la JAMA Pediatrics ulipitia ajali za miaka 42: vifo vya watembea kwa miguu jioni ya Halloween vilizidi kwa asilimia 43 vya jioni za wiki moja kabla na baada. Kwa watoto wa miaka 4 hadi 8, hatari ilipanda takriban mara 10.

Hapo maegesho yana hoja; gari lililozimwa halimgongi mtu. Lakini tochi, nguo inayong'aa ikimulikwa na mtu mzima wa kumshika mkono akivuka vinasaidia pia, na mtaa unaweza kufungwa kwa saa mbili. Kwenye foleni ya buti ni vigumu kumngoja wa miaka mitano akumbuke mwisho wa kichekesho chake.