Nilimlaumu Mke Wangu kwa Mikwaruzo Yangu

Wanaume wenzangu mtanielewa. Gari jeusi ni kama mtoto wa kwanza. Langu ni Toyota Crown, nililinunua baada ya kujibana miaka minne, na kila asubuhi kabla ya kazi nilikuwa nalipiga kitambaa mpaka majirani pale Tabata wakawa wananitania: huyu anaweza kusahau kumuaga mkewe, lakini gari hasahau kulifuta.

Sasa sikia. Mwaka jana nilikwenda Dodoma kikazi wiki nzima. Narudi Ijumaa usiku, nakuta gari limeoshwa, linameremeta. Mke wangu aliliosha mwenyewe kwa ndoo, sabuni na dodoki, kunifurahisha tu. Kesho yake jioni tukatoka kwenda kula chipsi kuku, nikaegesha chini ya taa kali. Jamani! Boneti nzima imejaa mikwaruzo midogo midogo, imeuzunguka mwanga wa taa kama utando wa buibui.

"Nani alikutuma uoshe gari langu na dodoki la jikoni?" nikamuuliza.

Langu. Hilo neno ndilo lililomchoma, aliniambia baadaye. Siku ile hakujibu kitu. Chipsi zikapoa mezani. Kuanzia Jumatatu akawa anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, wakati siku zote nilikuwa nampitisha kazini kwake. Nikajifanya sioni. Moyoni nikasema, atanyooka tu.

Jumapili ya pili nikalipeleka gari kwa rafiki yangu, fundi rangi. Akasema tufanye pamoja, na mimi nijifunze. Tuliliosha, tukalikausha, tukaliacha kivulini mpaka bati likapoa. Plastiki na kingo tukaziba kwa tepu ya karatasi.

Akanielewesha kwamba juu ya rangi kuna tabaka jingine linaloonyesha kama kioo, mafundi wanaliita klia. Ndilo linalong'aa na ndilo linalochubuka. Kwa magari mengi unene wake ni kama mikroni 40 au 50, yaani jembamba kuliko unywele wa kawaida. Mashine ya polishi haijazi mkwaruzo. Inalila hilo tabaka kidogo mpaka lilingane na chini ya mkwaruzo. Ndiyo maana huwezi kupiga mashine kila mwezi, klia itakwisha. Na wale wanaokupaka nta tu wanakufichia. Ikishaondoka, mikwaruzo yako unaikuta palepale.

Mashine alikuwa nazo mbili. Moja inazunguka tu, inakata haraka lakini inachemsha rangi. Nyingine inazunguka huku inacheza, hiyo ndiyo ya mwanafunzi. Tukaanza na sponji laini na dawa laini, tukajaribu kipande kidogo kwanza. Ukiona haitoi, ndiyo unapanda kwenye kali. Matone manne ya dawa, eneo la nusu mita kwa nusu mita, mashine imelala sawasawa, mkono unakwenda taratibu, kila mstari unapanda nusu ya mstari uliopita. Kisha unafuta kwa kitambaa laini na kumulika na tochi.

Utando ulipoanza kutoweka, kichwa kikavimba. Fundi alipotoka kununua maji, nikachukua ile mashine ya haraka na kung'ang'ania ukingo wa boneti. Nilishtuliwa na harufu. Kuinua mashine, weusi umetoka, chini panaonekana kijivu.

Fundi aliporudi alitikisa kichwa tu. "Kwenye ukingo klia huwa nyembamba zaidi na joto linajikusanya. Hapo hakuna polishi tena, ni kupiga rangi upya."

Nikaanza kulalamika: yote haya kisa mke wangu na dodoki lake. Fundi akamulika paa. Utando uleule.

"Shemeji alipanda mpaka huku juu?"

Nikanyamaza. Mke wangu ni mfupi, hata akisimama kwenye kigoda hafiki katikati ya paa.

"Kila asubuhi unafuta vumbi na nini?"

"Kitambaa."

"Kikavu?"

"Kikavu."

"Kaka, vumbi ni mchanga. Wewe unalipiga gari msasa kila siku, halafu unamlaumu aliyeliosha mara moja! Dodoki limeacha mistari yake michache kwenye milango, sikatai. Lakini huu utando ni wa siku nyingi. Umeuona kwa sababu gari lilikuwa safi na taa ilikuwa kali."

Nilirudi nyumbani nimenywea. Nikamkuta anapiga pasi nguo za kazi. Nikamweleza yote, sikuruka kitu: kitambaa, paa, ukingo. Nikamwambia nisamehe, nilikusema kwa kosa langu mwenyewe.

"Kwa hiyo gari lako limepona?" akauliza, macho kwenye pasi.

"Gari letu. Halijapona lote."

Tukatoka nje, nikamwonyesha ule ukingo. Akautazama, akanitazama, akacheka. Kicheko cha kwanza baada ya wiki mbili.

Siku hizi Jumamosi tunaosha wote. Ndoo mbili, moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia sponji. Tunamwagia maji kwanza ili mchanga uondoke, tunaanza na paa, yangu hiyo, tunashuka chini. Kitambaa kikavu kwenye vumbi ni marufuku. Na daladala za alfajiri zimekwisha.

Ule ukingo sijaupiga rangi bado. Hela ipo, ila mke wangu kasema niuache kwanza. Eti atanionyesha siku nikianza tena kusema "langu".