Herufi za Brashi

Sanaa ya vinyago na sanaa ya picha zimekwisha kupata watetezi katika nchi yetu. Jina la Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, lajulikana hata ng'ambo, na wanafunzi huambiwa kwamba alichora kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli. Lakini fundi anayetumia rangi kama hizo kuandika KARIBUNI juu ya mlango wa duka hatujamtafutia hata jina. Kazi yake yahesabiwa sawa na kupaka chokaa.

Sisi wa Kilema tunazijua herufi zake. Ziko kwenye bucha, kwenye mashine ya kusaga, kwenye kibanda cha kinyozi, na kwenye vilabu vya mbege, ambako aghalabu huwa nene kuliko kwingineko, kana kwamba nazo zimekunywa. Fundi hupiga mstari kwa kamba iliyopakwa chaki, kisha huchovya brashi bapa. Huanza kwa ukarimu: herufi tatu za kwanza hukaa kama wazee barazani. Afikapo katikati ukuta unakaribia kwisha na neno bado, basi za mwisho hubanana, na moja hupanda mgongoni mwa mwenzake. Katika neno BARAKA, A zote tatu zina miguu mbalimbali. Halafu huzitia kivuli chekundu upande mmoja, nazo huonekana zimetoka ukutani kumlaki mteja.

Huko Ujerumani, mwaka 1923, kiwanda cha Klingspor mjini Offenbach kilitoa herufi za chapa zilizoitwa Neuland. Mtungaji wake, Rudolf Koch, alizikata mwenyewe katika chuma bila kuzichora kwanza karatasini, zikatoka nene, zenye kingo za patasi. Ni kazi ya heshima. Ajabu ni kwamba baadaye wachapaji wa Ulaya na Marekani walizifanya alama ya Afrika: jalada la kitabu likitakiwa lionekane la Kiafrika, au la mwituni tu, zilitiwa hizo. Filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993, inayohusu mijusi mikubwa ya kale, nayo iliandikwa jina kwa herufi hizo hizo. Hivyo Mwafrika, msitu na mijusi wakavishwa kanzu moja, ambayo mshonaji wake hakuwapima hata mmoja.

Hatumkatazi mgeni kutumia apendacho. Ila atakaye kujua mkono wa Mwafrika na aje asome kuta zetu. Saki Mafundikwa wa Zimbabwe, aliyeanzisha chuo cha ZIVA mjini Harare mwaka 1999, alitoa mwaka 2004 kitabu kizima juu ya maandishi ya Afrika.

Siku hizi mabango mengi huchapwa kwa mashine juu ya turubai la plastiki. Mwenye duka halaumiki, maana kazi huisha upesi na picha ya kuku hufanana na kuku. Lakini humo A zote ni mapacha. Mwalimu wa Kiswahili aweza kuwatoa wanafunzi wake kwa saa moja, na madaftari yao, wakanakili maneno ya ukutani kama yalivyo, pamoja na mabanano yake, na kuuliza fundi alikuwa nani wakati wenye kumkumbuka wangalipo, kabla ukuta haujapakwa rangi ya kampuni ya simu.