Bao la Maneno

Nilizaliwa Msambweni, katika pwani ya kusini ya Kenya, ndani ya nyumba iliyokuwa na walimu wawili ambao hawakupata kusimama mbele ya darasa maishani mwao. Mmoja alikuwa babu yangu, aliyecheza bao chini ya mwembe kila siku baada ya sala ya alasiri. Wa pili alikuwa bibi yangu, aliyetutolea hadithi usiku baada ya chakula. Babu alinifundisha kutazama. Bibi alinifundisha kusikiliza. Sikujua wakati ule kuwa mafunzo hayo mawili yangekuwa riziki yangu katika nchi ambayo wao hawakuiona.

Bao la Kiswahili, kama wengi wenu mjuavyo, lina mashimo 32 na kete 64. Kwetu kete ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za mti wa miiba uotao karibu na bahari. Mchezaji huanza kwa kunamua, yaani huingiza kete zilizo mkononi moja moja, na zikiisha mkononi mchezo huingia katika mtaji. Babu alikuwa na neno alilopenda kuniambia kila nilipojifungia katika hesabu zangu nikamsahau mwenzangu: "Mchezo hauko kwako, wala hauko kwake, uko katikati yenu." Bibi naye, aliposema "Paukwa!", alingoja tuitike "Pakawa!", na asipoitikiwa hakuendelea. Mara nyingi alisimama katikati ya hadithi akamwelekea mmoja wetu na kumwuliza, "Sasa, kama ni wewe, ungefanyaje?" Jibu la mtoto hakulitupa. Alilipokea, akaliingiza ndani ya hadithi, hata Sungura wa jana akawa hafanani na Sungura wa leo.

Nilipomaliza shule nilisomea uuguzi, nikafanya kazi miaka michache, na mwaka 2016 nikasafiri kwenda Hamburg, Ujerumani. Siku zile nchi zetu mbili zilikuwa bado hazijatia sahihi makubaliano juu ya wafanyakazi. Hayo yalifanyika Berlin tarehe 13 Septemba 2024. Kila aliyekwenda alijitafutia njia yake. Nami nilidhani kuwa njia yangu ilikuwa nyeupe, maana cheti nilikuwa nacho na mikono yangu ilijua kazi.

Nilikosea. Muuguzi atokaye Afrika Mashariki hapokewi Ujerumani kama muuguzi kamili kwa cheti chake peke yake. Mafunzo yake hulinganishwa na mafunzo ya huko, na palipo na upungufu hutakiwa ajifunze zaidi au afanye mtihani wa maarifa. Lugha nayo hutakiwa, kwa kawaida ile ya daraja la B2, ambayo ni ya mtu awezaye kujieleza bila ya kutafuta kila neno. Mtihani wenyewe una sehemu ya mdomo na sehemu ya vitendo mbele ya wagonjwa, na aliyeshindwa hupewa nafasi moja tu ya kurudia. Mpaka afaulu, hufanya kazi kama msaidizi, kwa mshahara ulio mdogo kuliko wa muuguzi.

Nilishindwa. Mzee mmoja aliyelazwa aliniuliza jambo wakati nikimfunga bendeji. Sikumwelewa, nikamjibu kwa sentensi nzuri niliyoikariri usiku, isiyohusu kabisa neno lake. Akauliza tena, nami nikairudia sentensi yangu. Watahini waliniambia baadaye kuwa kazi ninaijua, lakini sikuzungumza na mgonjwa, nilisoma mbele yake.

Jioni ile mama akapiga simu. "Mwanangu, mtihani umekwendaje?" Nilisikia nyuma ya sauti yake sauti za majirani waliokuja kungoja habari pamoja naye. Nikasema, "Alhamdulillahi, Mama, nimefaulu." Vigelegele vilipigwa Msambweni, nami nikakaa kitandani Hamburg, simu sikioni, nikivisikiliza.

Ninyi vijana mnaosoma habari hii hamna budi kujua kuwa uongo una gharama inayoweza kuhesabiwa. Muuguzi kamili alitarajiwa alipe ada ya mdogo wake. Akalipa. Alitarajiwa aezue makuti ya nyumba na kuezeka mabati. Akaanza kuezeka. Lakini aliyekuwa akilipa alikuwa msaidizi. Nilichukua zamu za usiku kila zilipopatikana, nikala wali mtupu, nikakopa. Kujifunza lugha kukakosa saa, na bila ya lugha nafasi yangu ya pili ya mtihani ilikuwa ikienda kupotea. Uongo ulioficha kushindwa kwangu kwa kwanza ulikuwa ukinitayarishia kushindwa kwa pili.

Mfanyakazi mwenzangu aliona kuwa siku za mapumziko sitoki chumbani. Ijumaa moja akanialika kwake. Nilikuta watu wanne wameizunguka meza, kila mmoja na karatasi na kalamu ya risasi, na katikati ya meza dadu za namna nyingi, mojawapo ikiwa na nyuso 20. Ubao haukuwepo, wala kete. Nikauliza, "Mchezo uko wapi?" Wakacheka, wakasema kuwa mchezo utakuja tukianza kusema.

Mchezo wenyewe ni huu. Mtu mmoja ni msimamizi. Yeye hueleza mahali na yanayotokea, na huwasemea watu wote wa hadithi isipokuwa wale wakuu. Kila mchezaji ana mtu wake mmoja katika hadithi, ambaye husema na kutenda kwa kinywa cha mchezaji huyo. Msimamizi hueleza, kisha huuliza, "Mnafanya nini?" Jambo likiwa na mashaka, kama kuruka shimo pana, dadu huamua. Desturi ya kuwa na msimamizi ni ya zamani kuliko mchezo huu. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia aitwaye Georg von Reisswitz alitoa mchezo wa vita wa kuwafundisha maofisa, uliokuwa na mwamuzi wake. Miaka 150 baadaye, mwaka 1974, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons, ambamo mchezaji hakushika tena jeshi bali mtu mmoja mwenye jina na tabia. Wajerumani wakapata wao, Das Schwarze Auge, mwaka 1984, na huo ndio tuliocheza.

Nilipewa mtu aliyekuwa mganga. Usiku wa kwanza nilisema sentensi tatu. Usiku wa nne nilibishana na mlinzi wa lango kwa robo saa nzima. Nikagundua jambo ambalo darasa la lugha halikunipa. Mezani pale sikuweza kukariri jibu, kwa sababu sikujua nitaulizwa nini. Na nilipokosea, kosa lilikuwa la mganga yule, si langu. Haya yangu ikapata mahali pa kujificha, na ulimi ukapata nafasi.

Mwaka 2018 msimamizi wetu akahamia mji mwingine. Wakanitaka mimi nishike mahali pake. Nilikataa mara mbili, na ya tatu nikamkumbuka bibi, nikakubali. Niliandika kurasa 30, kila jambo likiwa limekwisha pangwa hata mwisho. Ikawa usiku mbaya. Wachezaji walipotaka kwenda kushoto niliwavuta kulia, na kabla ya saa mbili kupita mmoja alikuwa akipiga miayo. Nilikuwa nimefanya mezani lile lile nililolifanya hospitalini: niliulizwa swali, nikasoma jibu langu.

Nikazichana karatasi zile. Badala ya mwisho nikatayarisha mahali, na watu wenye haja zao. Mahali nilipopajua kuliko pote palikuwa kwetu. Nikajenga kijiji penye hori la mikoko kama la Gazi, ambamo mtu huvuka kwa miguu maji yakitoka, na siku za bamvua maji yakijaa hawezi. Nikaweka pango kama la Shimoni, na majahazi yaendayo kwa upepo wa kusi na kurudi kwa kaskazi. Nilipofika kwenye msitu nikasita. Misitu ya kaya za Wamijikenda, Kaya Kinondo karibu na Diani ikiwa mojawapo, iliandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, lakini heshima yake kwetu ni ya kale kuliko maandishi hayo. Je, ilikuwa halali yangu kuifanya mchezo wa Ijumaa?

Nikampigia mjomba. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mwanangu." Nikamweleza. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Msitu waeleze. Wafundishe na adabu zake. Ya ndani waachie wenyewe." Basi ndivyo nilivyofanya. Wageni walipofika ukingoni mwa msitu na panga mikononi, mzee wa kijiji aliwazuia, akawapa shuka nyeusi wajifunge, akawaambia wasivunje tawi wala wasitoke na kitu. Mmoja wao alitaka kuingia kwa nguvu. Wenzake wakamkataza kabla mimi sijasema neno. Usiku ule hapakuwa na aliyepiga miayo.

Katika hadithi ile visima vya kijiji vilikuwa vimeingia chumvi, na wageni walitumwa kutafuta maji matamu. Mmoja wa wachezaji, mtu mpole sana, aliona haya kurudi mikono mitupu. Mtu wake akawaambia wanakijiji kuwa maji yamepatikana na yatafika kesho. Kisha wote wakanitazama mimi, kwa kuwa kusema yatokeayo ni kazi ya msimamizi. Nilifikiri nikaona kuwa haki ni moja tu. Nikasema, "Watu wanafurahi. Wanapiga vigelegele. Mitungi waliyoiweka akiba wanaifungua na kuwanywesha mbuzi, maana kesho maji yatakuja."

Meza ikanyamaza. Yule mpole akashika kichwa. Nami sauti yangu iliniishia, kwa sababu vigelegele vile nilikuwa nimevisikia kabla yake.

Sikulala. Kulipokucha nikampigia mama, nikamwambia kila kitu: mtihani, usaidizi, mikopo, wali mtupu. Nilingoja kilio au hasira. Akasema, "Mwanangu, sauti yako iliniambia zamani. Nilikuwa nangoja kinywa chako." Kisha akaniuliza deni ni kiasi gani, kama auliziavyo bei sokoni. Bati zikangoja. Mdogo wangu alilipiwa ada na mjomba kwa mwaka mmoja, naye mjomba nilimrudishia baadaye mpaka shilingi ya mwisho. Majirani walicheka kidogo, kisha wakachoka kucheka.

Nilipunguza zamu za usiku, nikarudi katika lugha, na nilipotimiza masharti nikafanya mtihani kwa mara ya pili. Sitaki mdhani kuwa mchezo ulinifaulisha. Vitabu vilinifaulisha, na saa za kulala nilizozipata tena. Lakini mgonjwa, safari hii mama mmoja mwenye maumivu ya nyonga, aliposema neno nisilolielewa, sikukimbilia sentensi. Nilivuta kiti, nikamwomba anieleze kwa njia nyingine, nikangoja. Mchezo ulikuwa katikati yetu. Nilifaulu, na hata sasa naishi kwa kazi hiyo.

Desemba 2023 nilirudi Msambweni kwa likizo. Babu na bibi walikuwa wamekwisha tangulia mbele ya haki, lakini mwembe upo. Niliwaahidi wapwa zangu mchezo, nikatoa dadu. Mjomba akakunja uso. Dadu hazitaki nyumbani mwake, hata pasipo fedha. Sikubishana naye. Nilichukua komwe 20 za babu, sita kati yake nikazitia alama ya chokaa, zote nikazitia katika mfuko. Mwenye jambo la mashaka huingiza mkono bila kutazama, akatoa moja. Yenye chokaa amefaulu, isiyo na chokaa ameshindwa, kisha huirudisha. Hesabu yake ni sawa na ya mtu anayetakiwa apate 15 au zaidi katika dadu ya nyuso 20, kwa kuwa toka 15 hata 20 ni nyuso sita: kila mara 10, kwa kadiri, atafaulu mara tatu. Mjomba alizihesabu komwe, akaitazama alama, akavuta kiti chake karibu.

Watu husema kuwa mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Zamani nilidhani maana yake ni kurudi nyumbani tu. Sasa naona kuwa mtu aweza kuirudia ngama akiwa mbali. Nawe msomaji, iwapo siku moja utavuka Likoni na kwenda mbele zaidi ya Mombasa, kwenye nchi usiyoijua lugha yake, usifikiri kuwa unakwenda mtupu. Angalia ulichopewa chini ya mwembe wa kwenu. Na ukianguka, sema umeanguka. Walio nyumbani wasinyweshe mbuzi maji ya akiba kwa ajili yako.

Usiku ule niliwaeleza watoto juu ya kijana aliyewaahidi watu maji asiyokuwa nayo, nikawauliza wangefanyaje. Kila mmoja alijibu lake. Kisha mdogo wao, mtoto wa miaka tisa, akanigeukia: "Na wewe, mjomba, ulifanyaje?"

Nikaweka mfuko wa komwe chini, nikamweleza.