Orodha Tatu za Masisi na Walikale

Zamani ripoti za kila wiki za vituo vingi vya afya vya Masisi na Walikale, wilaya mbili za mashariki mwa Kongo, zilipita kwenye foni, redio ya masafa marefu inayokula betri ya sola. Muuguzi alisoma idadi ya wagonjwa wa surua, kipindupindu na malaria. Upande wa pili, karani wa ofisi ya eneo la afya alirudia kila tarakimu kabla ya kuiandika. Wote waliokuwa hewani walisikia, lakini daftari lilikuwa moja.

Tulipoanza kutengeneza fomu ya mtandaoni kule Goma, tulitumia jQuery, maktaba ya msimbo ambayo John Resig aliitoa mwaka 2006. Fomu ilikuwa na orodha tatu: wilaya, eneo la afya, kituo. Ukichagua Masisi, orodha ya pili ilete Kirotshe, Mweso na wenzake. Ukichagua Walikale, ilete Pinga, Kibua, Itebero. Kila orodha ilimsikiliza jirani yake na kujiwekea nakala yake ya jina lililochaguliwa. Intaneti ikiwa nzuri, hakuna aliyeona kasoro. Ikizorota, jibu la chaguo la kwanza lilifika baada ya lile la pili: juu pameandikwa Masisi, chini Pinga. Na kwa kuwa Pinga iko Walikale jirani kabisa na Masisi, hata aliyeijua ramani hakushtuka upesi.

Mlipuko wa surua ulioanza 2019 uliua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo, wengi wao watoto. Wagonjwa wakihesabiwa kwenye eneo lisilo lao kwa kosa kama lile la fomu yetu, chanjo nazo hupotea njia. Sikuwahi kuliona jambo hili kuwa la mafundi peke yao.

Kampuni kubwa nazo zilikwama hapohapo. Mwaka 2014 Facebook ilieleza jinsi alama ya ujumbe usiosomwa ilivyokuwa ikijitokeza wakati hakuna ujumbe wowote mpya, kwa sababu sehemu nyingi za ukurasa zilibadilishana taarifa kila upande. Dawa yao, mtindo wa kupanga programu uitwao Flux, ililazimisha taarifa ziende upande mmoja. React, maktaba yao ya kujengea kurasa waliyoitoa 2013, tayari ilikuwa na mwelekeo huo.

Tukaiandika fomu upya kwa React, na orodha zikaacha kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Komponenti mzazi, yaani sehemu ya ukurasa inayobeba orodha zote, ndiyo iliyoshika jina la wilaya na la eneo, ikayateremsha kwa watoto. Mtoto aliyebonyezwa alipeleka habari juu tu, kwa funksheni aliyopewa na mzazi. Wilaya ikibadilika, mzazi hufuta eneo na kituo papo hapo, na jibu lililochelewa la wilaya ya kwanza hutupwa. Ni utaratibu wa foni uleule: wengi wanasema, mmoja anaandika.

Redux, maktaba ya kushika taarifa zote mahali pamoja, ilipokuja 2015, wenzangu waliitaka kwa kila kitu. Kwa fomu fupi naiona nzito mno, hasa pale muuguzi anaponunua mega za intaneti kwa pesa yake. Context mpya ya React ya 2018, njia ya kuwateremshia watoto taarifa za mzazi, ilitutosha.

Ndugu zangu mnaojifunza kazi hii Goma, Masisi au Walikale, kabla ya kuchagua maktaba yoyote, kaeni mkubaliane ni komponenti ipi itakayoshika jina la eneo la afya, na nyingine zote ziliombe kwake.