Daftari la majina



Juma hili hatuandiki juu ya sabuni wala likelemba. Tunaandika juu ya wale wanafunzi wa chuo kikuu, wasichana na wavulana, waliofunzwa kufundisha wenzao mambo ya mwili, mimba na ukimwi. Wengi wenu mmetuuliza kwa nini chama cha wamama kimewapa chumba. Wengine hawakuuliza, walinung'unika tu sokoni Kadutu, na maneno yalitufikia.

Kwanza tukiri. Walipokuja mara ya kwanza tuliwarudisha. Tuliwapa viti na chai, halafu tukawaambia waende kampusi kwao, huku ni mahali pa familia. Walikuwa wakiomba kitu kidogo: chumba nje ya chuo kila Jumamosi mchana, na ruhusa ya kuongea na wanafunzi wanaopanga katika parseli zetu. Maana hapa Bukavu wanafunzi wengi hawalali chuoni, wanalala kwetu. Wametoka Walungu, Idjwi, Shabunda, na mzazi aliye karibu nao ni mama mwenye nyumba, yule anayebisha mlango mwisho wa mwezi kudai kodi. Lakini mmoja wetu aliona kapoti ndani ya mfuko wa kijana mmoja, na maongezi yakaishia hapo.

Miezi miwili baadaye, binti aliyepanga kwa mwenzetu alibakwa njiani usiku, akitoka kusoma. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa tuandike haya bila jina. Alirudi, akafunga mlango. Mama mwenye nyumba alifikiri ni malaria, akawa anampelekea uji. Usiku wa nne ndipo binti alipoongea, tukakimbia naye hospitali.

Muuguzi alitueleza kwa upole, na upole ule ndio ulituumiza zaidi. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinapaswa kuanzwa kabla masaa 72 hayajapita, kisha zinamezwa siku 28. Sisi tulikuwa tumeyapita. Kidonge cha kuzuia mimba alikipata, kwa sababu hicho kinaweza kusaidia mpaka siku 5, ingawa mapema ni bora.

Sisi wenye watoto sita, saba! Sisi tuliokuwa hapa Hospitali ya Panzi ilipofunguliwa mwaka 1999, tulijua kwamba waliobakwa wanatibiwa kule. Hesabu ya masaa hatukuijua. Wale vijana tuliowanywesha chai na kuwarudisha waliijua kwa kichwa.

Tukatuma wamama wawili kuomba msamaha. Vijana walirudi, wala hawakututia aibu. Tukawapa chumba tunamoweka unga na mashine ya kushona.

Ugomvi wa pili ulikuja haraka. Mmoja wetu alitaka daftari: kila Jumamosi waandike nani amekuja na ana shida gani, ili tuwajulishe wazazi wake. Msichana anayewaongoza alikataa. «Mama, mukiandika majina, juma lijalo hakuna atakayekuja.» Tulikasirika. Chumba ni chetu, ufunguo ni wetu, na mtoto wa jana anatukataza? Jambo hilo lilikula mikutano mitatu. Mwenzetu muuguzi alitukumbusha sheria ya Kongo ya tarehe 14 Julai 2008, inayolinda siri ya watu wanaoishi na virusi. Tulimsikiliza, lakini hatukulegea.

Aliyetulegeza ni mama mzee kuliko sisi sote, ambaye kawaida anasinzia mkutanoni. Aliuliza: «Nani kati yenu alimwambia mama yake mimba ya kwanza kabla tumbo halijaonekana?»

Hakuna aliyejibu. Daftari likarudi kwenye hesabu za unga.

Tangu siku hiyo kazi inaenda. Jumamosi tunafungua mlango na kuondoka. Hatukai barazani kuhesabu nani anaingia, ingawa mikono inatuwasha, kusema kweli. Katika sanduku la kusaidiana tunaweka kando pesa ya moto, ili mtu akipigiwa usiku asianze kutafuta franka. Wamama watatu wamekubali simu zao zisizimwe usiku, na dereva wa moto tunayemwamini anajua kwamba wakiita haulizi sababu. Baba wa nyumbani wawili walilalamika. Mmoja sasa ndiye anayesindikiza.

Binti yule amerudi masomoni. Alipimwa tena baada ya miezi mitatu. Majibu ni yake.

Bado tuna parseli mbili karibu na chuo ambazo wenyewe hawataki vijana waingie. Alhamisi saa tisa tunaenda kuwaona, bila hasira na bila mahubiri. Mwenye undugu nao aje nasi. Chumbani nako kumekosekana benchi moja, na dirisha halifungi vizuri: anayepita nje anasikia yote. Nani ana fundi?