Karatasi Yako Ipo Mahakamani

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Nina cheti cha kazi hii. Kila juma husimama mbele ya wanakisomo nikiwaambia kwamba anayejua kusoma hadanganywi ovyo. Leo nataka kukueleza jinsi mimi mwenyewe, ninayejua kusoma, nilivyoisoma karatasi moja nusu nusu. Kwa sababu hiyo ukoo wetu ulikaribia kugawanyika.

Nyumbani kwetu ni Matambarale, Wilaya ya Ruangwa. Baba alifariki mwaka 2010. Aliacha nyumba na shamba la mikorosho. Wewe wa huku kwetu unajua kwamba kwa mila za Kimwera ukoo hufuata upande wa mama. Kwa hiyo mtu akifa, wapwa zake nao huwa na la kusema juu ya mali yake. Ili kuepuka ugomvi, wazee walikwenda Mahakama ya Mwanzo wakafungua shauri la mirathi. Baba mdogo aliteuliwa kuwa msimamizi. Mali iliandikwa, ikagawanywa. Mama aliweka dole gumba.

Wakati huo nilikuwa kijana niliyemaliza kidato cha nne. Mama alinipa ile karatasi akasema, "Nisomee, mwanangu." Nilitazama juu juu. Nikaona jina la mama na maneno "nyumba na mikorosho". Nikamwambia, "Umepewa, mama. Weka sandukuni." Akaweka.

Ikapita miaka kumi na moja. Baba mdogo naye alifariki. Kisha, msimu mmoja wa korosho, alikuja binamu yangu, mtoto wa shangazi, kutoka Nachingwea. Alikuja na vijana wawili na magunia, akaanza kuokota.

Mama akamwuliza, "Mwanangu, unaokota korosho za nani?"

Akajibu, "Za mjomba wangu, mama. Mali ya mjomba ni ya wapwa."

"Mahakama ilinipa mimi."

"Basi nionyeshe karatasi."

Tulifungua sanduku. Mchwa walikuwa wameila karatasi. Kilichobaki ni pembe moja yenye kipande cha mhuri. Mwenyekiti wa kijiji aliamua kwamba korosho zote ziwekwe kando, zisiuzwe mpaka ushahidi uonekane. Mama alitegemea korosho zile kwa chakula na mavazi ya mwaka mzima. Alinitazama mimi, msomi wake. Nami sikujua nianzie wapi.

Jalada halifi na karatasi yako

Hili ndilo jambo la kwanza nililojifunza. Karatasi unayopewa mahakamani ni nakala tu. Shauri lenyewe linabaki mahakamani ndani ya jalada. Humo mna maombi yaliyofungua shauri, maneno waliyosema mashahidi, na uamuzi wa hakimu. Maneno yanayoandikwa siku baada ya siku huitwa mwenendo wa shauri. Uamuzi wa mwisho huitwa hukumu.

Shauri la mirathi huwa na karatasi mbili zaidi. Msimamizi hutakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali za marehemu, ambayo ni Fomu Na. 5. Hupeleka pia hesabu ya jinsi alivyogawa, ambayo ni Fomu Na. 6. Ukitaka kujua nani alipewa nini, omba hizo pia.

Nenda na habari kamili

Nilifika mahakamani asubuhi. Karani alinipokea vizuri akaniuliza, "Namba ya shauri?" Sikuwa nayo. "Mwaka?" Nikasema labda 2011. "Jina la marehemu?" Nikataja jina ambalo kijiji kizima kilimwita baba. Alitafuta, hakuona kitu. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, na nauli imekwenda.

Kosa lilikuwa langu. Kila shauri lina namba, na namba huanza upya kila mwaka. Kwa hiyo huandikwa, kwa mfano, Shauri la Mirathi Na. 14 la mwaka 2010. Namba hiyo imeandikwa katika rejista, yaani daftari kubwa la mashauri. Usipokuwa na namba, karani hana budi kupekua rejista ukurasa kwa ukurasa. Atahitaji msaada wako.

Jioni ile niliketi na mama. Nikamwambia, "Mama, kumbuka siku ile mlipokwenda." Akafikiri. Akasema, "Mabango ya uchaguzi yalikuwa bado yamebandikwa mitini." Basi ulikuwa mwaka 2010, mwaka wa uchaguzi mkuu, mwezi wa Oktoba au Novemba. Kisha tukaandika majina yote ya baba: jina la utotoni, jina la baba yake, na jina la utani. Nilipokwenda mara ya pili, karani aliliona shauri kabla ya adhuhuri. Lilikuwa limeandikwa kwa jina la utotoni.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujapanda gari andika mambo haya:

1. Aina ya shauri: ni la jinai, madai, ndoa au mirathi?
2. Majina yote ya wahusika, pamoja na majina waliyozoea kuitwa.
3. Mwaka, na mwezi ukiukumbuka.
4. Mahakama iliyosikiliza shauri.
5. Kama kulikuwa na rufaa.

Jambo la tano lina maana kubwa. Shauri likikatiwa rufaa, jalada hupelekwa Mahakama ya Wilaya. Rufaa ikiendelea tena, huenda Mahakama Kuu. Ukitafuta chini jalada lililokwenda juu, utachoka bure.

Kwa shauri la zamani kumbuka pia kwamba Wilaya ya Ruangwa ilianzishwa mwaka 1995. Kabla ya hapo Matambarale ilikuwa chini ya Nachingwea. Rufaa ya miaka ile, basi, ulizia Nachingwea.

Na kama ugomvi ulikuwa wa mpaka wa shamba, huenda haukufika kabisa katika mahakama hizi. Migogoro ya ardhi ina mabaraza yake, kuanzia kijijini hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata husuluhisha tu, halitoi hukumu ya ardhi. Tafuta karatasi pale shauri liliposikilizwa.

Omba kwa barua

Maneno ya mdomo husahauliwa. Andika barua fupi namna hii:

Mheshimiwa Hakimu,
Mahakama ya Mwanzo ............
YAH: MAOMBI YA NAKALA, SHAURI LA MIRATHI NA. .... LA MWAKA ....
Mimi ............ wa kijiji cha ............ ni mjane wa marehemu ............ Naomba nakala zilizothibitishwa za hukumu, Fomu Na. 5 na Fomu Na. 6. Nakala niliyopewa imeharibika.
Sahihi ............ Tarehe ............ Simu ............

Andika barua mbili zinazofanana. Moja iache mahakamani. Ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa, kisha uitunze. Uliza kama kuna ada. Kama ipo, lipa kwa namba ya malipo ya Serikali na uchukue risiti. Usimpe mtu fedha mkononi.

Ukipewa nakala, tazama mambo matatu kabla hujaondoka. Je, kurasa zote zipo? Je, mhuri upo? Je, imeandikwa kwamba ni nakala halisi, na pana sahihi? Nakala isiyo na mhuri haitakusaidia mbele ya watu.

Nakuonya jambo moja zaidi. Ukishindwa shauri katika Mahakama ya Mwanzo na hukuridhika, una siku 30 tu za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Zinahesabiwa tangu siku ya uamuzi. Kwa hiyo usingoje. Omba nakala siku ileile hukumu inaposomwa.

Soma yote

Nilipata nakala zetu. Safari hii sikusoma juu juu. Niliketi chini ya mwembe nikasoma kila mstari. Ilikuwa kweli kwamba mama alipewa nyumba na sehemu kubwa ya mikorosho. Lakini chini yake paliandikwa: mikorosho 15, upande wa bondeni, ni ya dada wa marehemu. Yaani shangazi.

Ndugu msomaji, moyo wangu uliruka. Kwa miaka kumi na moja tulikuwa tukiokota korosho za shangazi. Mama alikumbuka baba mdogo akisema, "Dada nitampelekea chake." Hakujua ni nini wala ni kiasi gani. Mimi ningaliweza kumwambia tangu siku ya kwanza. Mstari ule ulikuwa mbele ya macho yangu, nami sikuusoma.

Nilishawishika kuficha ukurasa ule. Nasema kweli. Lakini mama aliniuliza, "Imesema nini?" Nikamsomea yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kesho twende Nachingwea."

Tulimkuta shangazi amekaa barazani. Mama alimsalimu, akamwomba radhi kabla ya jambo lolote. Kisha nikasoma karatasi mbele ya shangazi na binamu. Binamu alikuwa amedai shamba zima, na karatasi haikumpa hilo. Sisi tulisema hawana kitu, na karatasi ilitukataa. Wazee waliketi. Mikorosho 15 ikakabidhiwa kwa shangazi, pamoja na korosho zote za msimu ule zilizotoka bondeni. Zilizobaki ziliuzwa kwa jina la mama. Binamu sasa hupita nyumbani kwetu kula kila ajapo Matambarale.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza: daftari lisilosomwa lote huleta ugomvi. Kama ukoo wako uliwahi kuwa na shauri, usingoje mchwa wala magunia ya binamu. Tafuta namba yake. Iandike katika daftari lako la kisomo. Omba nakala, uitie ndani ya mfuko wa nailoni, na umwoneshe mwingine mahali ilipo.

Mwaka uliofuata mama alijiunga na darasa la kisomo. Nakala yetu huisoma mwenyewe sasa, polepole, kidole kikifuata mstari. Akifika penye jina la wifi yake husoma kwa sauti.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini karani hakuliona shauri mara ya kwanza?
2. Jalada la shauri lililokatiwa rufaa utalitafuta wapi?
3. Je, mwandishi angeficha ule ukurasa, nini kingetokea?
4. Andika barua ya kuomba nakala ya shauri. Msomee mwenzako.