Kiwewe cha jukwaa nilikipeleka Mwadui!

Nyinyi mnaolipa kiingilio Ijumaa usiku mnamwona mwimbaji wakati keshapaka poda, keshavaa vitu vyake vinavyometameta na taa zimeshamwakia. Nusu saa kabla ya hapo hammwoni, na bora msimwone! Yuko anayekwenda chooni mara nne. Yuko asiyesemeshwa, ukimwuliza saa ngapi anaweza kukurushia ngumi. Mimi ninayewaandikia riziki yangu inatokana na kuimba, huu mwaka wa tisa niko kwenye bendi, na hali yangu ni hii: vidole vinapoa kama nimeshika barafu, mate yanakauka, halafu ubeti wa kwanza wa wimbo niliouimba mara mia mbili unayeyuka kichwani. Wanamuziki tunakiita kiwewe. Ila hatukizungumzii. Ukithubutu kukitaja, wa kwanza atasema umelogwa na wa pili atakumiminia toti ya Konyagi.

Kwa hiyo tulipoambiwa bendi inakwenda kupiga Maganzo, mkoani Shinyanga, tumbo lilianza kuniuma wiki nzima kabla. Si mnajua sifa za miji ya madini? Mchimbaji aliyepata jiwe jana, leo ana hela na ana maoni. Akiona unaimba ovyo anakwambia papo hapo, na wala haombi kipaza sauti.

Tuliondoka Mwanza alfajiri na Coaster, vyombo juu ya keria, mimi nimebanwa dirishani na begi la nyaya mapajani. Usagara, Misungwi, Mabuki. Ile miamba ya Mwanza iliyobebana kama mtu kaipanga kwa mkono inapungua pole pole, kisha nchi inafunguka: mbuga, mbuyu mmoja mmoja, ng'ombe, vijana wa kuchunga wenye fimbo begani, mashamba ya pamba. Zamani watu walisema Shinyanga inageuka jangwa, na mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, wa kurudisha miti. Wasukuma wenyewe wana ngitili zao tangu enzi za mababu, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate cha kutafuna kiangazi. Vichaka vimerudi, nimeviona. Vumbi nalo lipo palepale, na kwa mwimbaji vumbi ni adui kuliko mchawi. Nilijifunga kanga mdomoni safari nzima mpaka dereva akauliza, "Dada, unaumwa?"

Maganzo iko kwenye barabara kuu, na hapo ndipo unapokata kwenda Mwadui. Ni mji wa kusubiri. Huyu anasubiri jiwe, yule anasubiri mnunuzi, mwingine anasubiri jamaa aliyeahidi kurudi jioni na hela. Baa zipo, gesti zipo, maduka ya nguo yanashindana kwa spika. Ukisogea kidogo unakutana na Mwadui yenyewe, uzio na geti, huwezi kuingia ukitamba tu. Ndani ni mji kamili wa mgodi: nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, kiwanja cha ndege, na uwanja wa mpira ambako Mwadui FC waliwatoa jasho vigogo wa Dar walipokuwa Ligi Kuu, kuanzia msimu wa 2015/16 mpaka waliposhuka mwaka 2021.

Mgodi ulianza mwaka 1940, baada ya Mkanada mmoja mtaalamu wa miamba, John Williamson, kuipata almasi hapo. Mwamba wenyewe una ukubwa wa hekta 146, ni katika mikubwa duniani. Mwaka 1947 ikatoka almasi ya rangi ya waridi, karati 54.5, Williamson akamzawadia Elizabeth, binti wa Mfalme wa Uingereza, aliyekuwa anaolewa mwaka huo. Ilipochongwa ikabaki karati 23.6. Jiwe likaenda kukaa kifuani mwa malkia na kupigwa picha dunia nzima. Aliyelitoa ardhini, yeye alikuwa mtu wa kujificha! Tajiri wa kutupwa, lakini macho ya watu hayapendi. Alifariki Januari 1958, ana miaka 50 tu, kwa kansa ya koo. Hiyo ya koo iliponifikia nilimeza mate mara mbili.

Sasa tuje kwenye kilichonifanya niandike. Onyesho lilisogezwa mbele siku moja, tukabaki hatuna kazi. Mpiga besi wetu ni Msukuma wa upande huo, ndiye mkubwa wa bendi, wote tunamwita Kaka. Yeye alishaniona sili, sisemi, nazungushazunguka. Akaniambia, "Twende kwa mjomba wangu. Naye alikuwa mwimbaji."

Mzee tulimkuta chini ya mwembe, nje kidogo ya mji. Njiani Kaka alinifundisha salamu, nikapiga magoti nikasema, "Mwadila, babu." Akaitikia huku anacheka Kisukuma changu. Tukaletewa michembe iliyochemshwa na karanga, vile viazi vitamu vinavyokatwa na kuanikwa mpaka vinakuwa kama magome, ila ukishaonja mkono hautoki kwenye sahani.

Huyu babu alikuwa manju, wenyewe wanasema ningi, katika upande wa Bagalu. Kwa msiojua, ngoma za Usukumani zina pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu, kama Simba na Yanga vile, na kila mmoja ana upande wake. Baada ya mavuno, kuanzia Juni, wanakutana kushindana. Wengi wa mjini wameliona hilo pale Bujora, Kisesa, kwenye sikukuu ya Bulabo. Sikilizeni sasa utaratibu wake, mimi mwili ulinisisimka. Makundi mawili yanaingia kwenye uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na yanaimba kwa wakati mmoja! Watazamaji wako huru. Wakikupenda wanakuja kwako, wakikuchoka wanahamia kwa mwenzako, na mwenye watu wengi ndiye mshindi. Hebu fikiria uko Mwembeyanga unaimba, na hatua hamsini kutoka hapo hasimu wako naye anaimba, unawaona watu wako wanaondoka mmoja mmoja, unawaangalia migongo. Na huruhusiwi kunyamaza.

Nikamwuliza, "Babu, ulikuwa huogopi?"

"Kila mwaka. Siku tatu kabla silali."

Alilisema kama mtu anayekwambia mvua ilinyesha. Mimi miaka tisa sijamsikia mwimbaji wa mjini akisema hivyo mchana kweupe, tena mbele ya ndugu zake.

Basi nikataka siri. Siri ya kwanza mnaijua, dawa. Wana dawa ya kuvuta watu, wanaiita samba, na kundi zima linatengenezwa kabla ya kuingia uwanjani. Mimi siamini kama mizizi inaweza kumhamisha mtu kutoka kwa Bagika kumpeleka kwa Bagalu. Lakini nilipomsikiliza babu akieleza, manju na mpiga ngoma na kijana aliyejiunga mwaka jana wote wanapanga mstari mmoja, niliona kitu kingine: hapo hakuna wa kumcheka mwenzake. Kila aliyesimama kwenye ule mstari amekiri kwamba anaogopa. Sisi kila mtu anajificha na chupa yake.

Ubaya wake nao tuuseme. Mkishindwa, inatafutwa dawa ya wapinzani, na baada ya dawa anatafutwa mtu. Mkoa huu umeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni miaka na miaka. Ndiyo maana siku hizi mwanamuziki akinitania "umelogwa" kabla ya onyesho, sicheki.

Siri ya pili ndiyo iliyonikaa. Babu alisema siku zile tatu za kutolala hakuachwa peke yake. Kundi lake lilikuwa pamoja, nyimbo mpya zinafanyiwa mazoezi pembeni ili wapinzani wasizisikie, akisahau mstari yuko wa kumdaka. Nyimbo zilikuwa zake, lakini alikuwa hazibebi peke yake.

Halafu akaniuliza, "Nyie mkimaliza ngoma yenu, mnakwenda wapi?"

"Gesti, babu."

"Kila mtu chumba chake?"

"Ndiyo."

Akamtazama Kaka, akatikisa kichwa, akaendelea na michembe yake.

Jamani, pale alinishika. Tunazungumzia kiwewe cha kabla, cha baada hatukitaji. Saa kumi usiku umeshangiliwa na watu mia nne, dakika ishirini baadaye uko chumbani, feni inalia, masikio yanavuma, moyo bado unakwenda mbio na usingizi hakuna. Ndipo unaanza kurudia ile noti moja uliyoikosa. Wengi wanaoanza ulevi au vitu vibaya zaidi hawaanzii jukwaani, wanaanzia kwenye kitanda hicho.

Na msidhani ni ugonjwa wa Waswahili. Barbra Streisand, Mmarekani mwenye sauti ya dhahabu, mwaka 1967 alisahau maneno akiwa jukwaani kwenye bustani ya Central Park, New York, mbele ya umati usiohesabika. Ikapita miaka 27 bila kufanya ziara ya maonyesho ya kulipia! Adele wa Uingereza aliwahi kusimulia kwamba huko Amsterdam alitoroka kupitia mlango wa dharura, na kwamba hutapika kwa woga. Hao wana walinzi na ndege, sisi tuna Coaster.

Mwili wenyewe hauna njama. Unadhani kuna simba. Unamwaga homoni ya adrenalini, moyo unapiga haraka, damu inakimbilia kwenye misuli mikubwa na vidole vinabaki baridi, mdomo unakauka, pumzi inapanda kifuani badala ya kutoka chini tumboni. Kwa mpiga gitaa ni taabu, kwa mwimbaji ni msiba, maana pumzi ndiyo chombo chake. Kinachosaidia ni cha bure: kutoa pumzi taratibu, ndefu kuliko ile uliyovuta, dakika kadhaa. Maji kidogo kidogo. Kuamsha sauti mapema. Pombe inakudanganya kwamba umetulia, kumbe sikio limelala na unaimba nje ya ufunguo, wenzio wanakusikia. Kuna na dawa ya moyo, propranolol, ambayo madaktari huwaandikia baadhi ya wasanii. Lakini usimeze ya kupewa na rafiki, mwenye pumu inaweza kumziba pumzi kabisa.

Kingine nilikipenda kwa sababu kinatuhusu moja kwa moja. Mwaka 2014 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Alison Wood Brooks, alichapisha jaribio la kuwaimbisha watu karaoke. Kabla ya kuimba, wengine waliambiwa waseme wana wasiwasi, wengine waseme wamesisimka. Waliosema wamesisimka waliimba vizuri zaidi. Moyo ulikuwa unadunda uleule, jina tu limebadilika. Na sisi jina tunalo tayari mtaani: mzuka!

Hiyo yote ni kwa kiwewe cha kawaida. Kikikufuata nyumbani, wiki zinapita hulali, huli, unawaza kujidhuru, hapo si suala la pumzi wala mzuka. Hospitali za rufaa zina madaktari wa akili, Bugando pale Mwanza wapo, na kwenda huko hakukufanyi kuwa chizi.

Onyesho la Maganzo? Lilikwenda. Ukumbi ulijaa, mkoa huu ndio aliozaliwa Lady Jaydee na watu wake wana masikio. Vidole vilikuwa baridi kama kawaida. Nilisimama karibu na Kaka nyuma ya pazia, nikamwambia wazi, "Kaka, nina mzuka, lakini ubeti wa kwanza sijui kama uko." Akaniimbia ule mstari chini chini, nikaingia. Wimbo wa tatu kuna jamaa akapiga kelele tumalize twende taarabu, watu wakamcheka yeye.

Tulipomaliza Kaka alikataa funguo za vyumba. Tukakaa kwa mama mmoja wa chai ya maziwa na chapati kando ya barabara, malori yanapita, mpaka kukaanza kupambazuka. Nikawasimulia ya babu, siku tatu za kutolala. Kimya kikawa kirefu. Halafu mpiga tumba wetu, yule mwenye mabavu, anayewatania wote, akasema yeye hutapika. Kila onyesho, miaka sita. Sisi tulikuwa tunajua anatoka nje kuvuta sigara.